Daftari la Wiki: Trauti wa Gura na Maji ya Nyandarua

Desturi ya kubeba spika mgongoni imeenea miongoni mwa vikundi vya wapandaji wanaotoka Nairobi mwishoni mwa juma kwenda Elephant Hill na vilele vingine vya Nyandarua, na safu hii, iliyokwisha kulilalamikia jambo hili, inalilalamikia tena. Katika ukanda wa mianzi, yaani sehemu ya msitu iliyo kati ya miti mikubwa ya chini na nyika ya nyasi za juu, jicho halioni zaidi ya hatua chache, na sikio ndilo linalompasha mtu habari kwamba nyati yuko mbele: husikika mwanzi ukivunjika, au pumzi nzito ikitoka puani, kisha kimya. Kikundi kinachopiga muziki hujinyima habari hiyo, na humnyima pia askari wa wanyamapori anayekisindikiza, ambaye usalama wa wote unategemea masikio yake. Spika zibaki garini.

*

Nyandarua kuna mondo weusi tititi, ilhali wenzao wa nchi tambarare wana manyoya ya hudhurungi yenye madoa, na bado wageni wengi hurudi nyumbani wakinung'unika kwamba hawakuona simba.

*

Mgeni anayepanda Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyo katika milima hii ya Nyandarua, kwa nia ya kupiga kambi, kutembea na kuvua hukuta katika nyika ya juu, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, vijito vyembamba vinavyopita kati ya mafungu ya nyasi ngumu na vichaka vya Erica, na ndani ya vijito hivyo samaki mwenye madoa meusi na mekundu ubavuni, aitwaye trauti wa kahawia, au Salmo trutta kwa jina la kitaalamu. Wengi humdhania kuwa mwenyeji wa mlima, sawa na lobelia na senesio zilizosimama kando ya maji, kumbe ni mgeni aliyeletwa. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza Ewart Grogan alileta trauti wa ukoo wa Loch Leven, ziwa lililoko Uskoti, akawatia katika mto Gura. Baadaye akafuata trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, ambaye asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki. Samaki wote wawili wangekufa katika maji ya nchi za chini, lakini mlima uliwapa kile walichokizoea kwao, yaani maji baridi, yaendayo kasi na yenye oksijeni nyingi.

Namna trauti anavyoishi ndiyo inayoeleza namna anavyovuliwa. Hukaa nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mahali ambapo maji yametulia kiasi cha kumpumzisha lakini yanapita karibu naye yakiwa yamebeba chakula, na hutoka kwa mruko mfupi kumdaka mdudu, kisha hurudi palepale. Kwa hiyo mvuvi hakai mbele yake, bali humwendea kutoka chini ya mto, taratibu, kivuli chake kisianguke juu ya maji. Chambo chake ni nzi bandia, yaani vipande vya manyoya ya ndege na nywele za mnyama vilivyofungwa kwa uzi juu ya ndoana ndogo ili vifanane na mdudu wa majini, na ndiyo sababu mvuvi mwenye busara huanza kwa kupindua mawe kabla ya kufungua mfuko wake. Chini ya jiwe la Gura hupatikana buu la kadisi, mdudu anayejijengea mrija kwa chembe za mchanga na vijiti alivyovigandisha kwa uzi wa mate yake, akatoa nje kichwa na miguu sita tu. Na mvuvi aliyekwisha kumwona huyo hana haja ya kubahatisha nzi gani afunge. Anayekusudia kumrudisha samaki majini hutumia ndoana isiyo na kimwiba cha kuzuia isichomoke, na hulowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na magonjwa, na samaki aliyeonekana kuogelea salama hufa siku chache baadaye mahali asipoonekana.

Jambo ambalo safu hii ingependa kila mgeni alijue, hata asiyevua, ni lile la mayai. Jike huchimba kishimo katika changarawe kwa mapigo ya mkia, hutaga, kisha hufunika, na tangu hapo uhai wa mayai hutegemea maji safi yanayopenya kati ya mawe madogo. Katika maji ya nyuzi 10 za Selsiasi mayai ya trauti wa upinde wa mvua huchukua takriban mwezi mmoja kuanguliwa. Udongo laini ukiingia mtoni katika mwezi huo, uwe umetoka kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni, kwenye msitu uliokatwa au kwenye barabara isiyo na mifereji, huziba nafasi hizo na mayai hukosa hewa. Maji yakipanda joto kupita nyuzi 20 kwa sababu kivuli cha miti kimeondolewa, samaki mzima huacha kula na kuanza kudhoofika. Trauti, kwa hiyo, hupima hali ya chanzo cha maji bila malipo, na mto ambao trauti wake wameacha kuzaana unapaswa kuwatia hofu watu walioko mbali sana na mlima.

Hata hivyo si haki kumsifu bila kusema upande wa pili. Trauti wote wawili wamo katika orodha ya spishi 100 vamizi zenye madhara makubwa zaidi duniani, iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, na huko New Zealand na Afrika Kusini wamewapunguza sana samaki wadogo wa asili. Trauti ni mla nyama, na mahali anapoingia, wadudu, vyura na samaki waliokuwepo hulipa. Msimamo unaofaa, kwa maoni ya safu hii, ni kwamba trauti waliokwisha kuzoea Gura, Chania na Magura waachwe na wavuliwe kwa kibali, lakini kijito chochote ambacho hadi leo hakina trauti kisitiwe kifaranga hata mmoja, na anayetaka samaki zaidi ajenge bwawa, kwa kuwa kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kipo Kiganjo, karibu na Nyeri, na wakulima wa wilaya za mlimani wamekwisha kuonyesha kwamba samaki huyu anafugika.

Zaidi ya hayo kuna historia ambayo haipaswi kufichwa nyuma ya picha za maporomoko. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1950. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua ikawa eneo lililopigwa marufuku, ambamo mtu aliyeonekana aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege za kivita za Uingereza ziliiangushia mabomu. Wakulima wa nje ya msitu, zaidi ya watu milioni moja katika nchi nzima ya Wakikuyu na majirani zao, walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa ua na miiba, wakalazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu ili kuwakatia chakula wapiganaji wa Mau Mau, na kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyeishi katika baridi hii kwa miaka, alikamatwa Oktoba 1956 karibu na Nyeri na kunyongwa Februari 1957. Katika miaka hiyohiyo samaki wa Grogan waliendelea kuogelea Gura. Ni kweli ya kuumiza kwamba mzee aliyezaliwa kandokando ya mto huo anaweza kuwa alijua handaki kabla ya kujua ladha ya trauti, na wanaopanga ada za uvuvi wangefanya jambo la haki kama wangeweka kibali cha bei nafuu kwa wakazi wa ukingoni na siku maalumu za kuwafundisha watoto wao kurusha mshipi.

*

Maharagwe, sasa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, kwa nyuzi 94 hivi Nairobi, na kwa nyuzi 90 katika kambi iliyo mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda na maji hugeuka mvuke mapema. Na kwa kuwa kinachoivisha ni joto wala si mapovu, sufuria inaweza kutokota jioni nzima na punje zikabaki ngumu. Githeri, yaani maharagwe yaliyochanganywa na mahindi, ichemshwe nyumbani, ibebwe ikiwa imeiva, ipashwe moto tu kambini, na moto huo uwe wa gesi. Nyasi za nyika hii hukauka Januari na Februari kiasi kwamba cheche moja hutosha kuteketeza mlima kwa siku kadhaa, na Erica iliyoungua huchukua miaka mingi kurudi.

*

Bongo wa milimani, swala mwekundu mwenye mistari myeupe, wamebaki porini chini ya 100, wote wako Kenya, na Nyandarua ni ngome yao kuu. Chini ya mia.

*

Suruali za jinzi zimeonekana tena katika picha za wapandaji wa Lesatima, kilele cha mita 4,001. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, pamba iliyolowa haikauki milimani, na upepo ukipiga nguo hiyo joto la mwili hushuka. Likifika chini ya nyuzi 35, mtu huanza kujikwaa, ulimi huwa mzito, naye husisitiza kwamba hana neno. Mwenzake asimwamini. Amvue nguo mbichi, amvike sufu, amtie katika mfuko wa kulalia, ampe kinywaji cha moto chenye sukari kama bado anaweza kumeza, kisha amteremshe.

*

Safu hii haitachoka kudai vibao. Katika kila daraja la hifadhi lingewekwa bango lenye jina la mto na mahali maji yake yanapokwenda, mgeni angejifunza kwa dakika moja kile ambacho shule nyingi hazimfundishi kwa miaka mingi. Mito ya upande wa kusini huingia katika mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, na hili la pili, lililokamilika mwaka 1994 katika mto Thika na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Mito ya Maragua, Irati na Gikigie imetobolewa kwa handaki la maji ili ichangie bwawa hilohilo, huku wakazi wa Murang'a wakiuliza, na wana haki ya kuuliza, mito yao itabaki na nini wakati wa kiangazi. Mito ya mashariki, Gura ikiwamo, huenda Tana na kuzungusha mitambo ya umeme kuanzia Masinga. Malewa hushuka magharibi kulijaza ziwa Naivasha na mashamba yake ya maua. Mtu anayefungua bomba South B au anayewasha taa Embu ni mteja wa mlima huu, na inafaa aambiwe hivyo kwa herufi kubwa.

*

Mwisho ni barabara. Januari 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa kibali cha kuweka lami njia ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayopanda kutoka Nyeri, kuingia hifadhini kwenye lango la Kiandongoro, kuvuka nyika yote na kutokea lango la Mutubio upande wa Kinangop. Wapinzani wakaenda mahakamani. Hoja ya wakulima wa Kinangop, wanaoitaka lami hiyo, si ya kupuuzwa, kwani gunia la viazi linalotakiwa Nyeri hulazimika kuuzunguka mlima, na gharama ya mzunguko huo hulipwa na mkulima. Lakini lami inayofaa malori ya viazi huhitaji kukata kingo za milima, na udongo unaokatwa huko huteremka na mvua ya kwanza hadi kwenye changarawe za vijito vilivyoelezwa hapo juu, ambavyo ni vyembamba kiasi cha kurukwa na mtoto. Tena malori hayatambui usiku, wakati tembo na fisi wa nyika huvuka. Uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009 kwa fedha za wananchi, wahisani na serikali, uliwekwa ili mlima na mashamba visiumizane, na ni vigumu kuona sababu ya kutumia miaka 20 kuufunga mlima kwa nje kisha kuupasua katikati. Fedha zilizotengwa kwa lami hiyo zielekezwe kwenye barabara zinazouzunguka, ambazo wakulima hao hao wanazipitia kila siku zikiwa na mashimo, na njia ya hifadhini ibaki ya changarawe, yenye mifereji iliyozibuliwa na mashimo ya kunasa udongo kabla haujaufikia mto.