Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji Asiachwe Peke Yake

Mzazi wa mtoto mwenye usonji akieleza uchovu wake, mara nyingi tunamjibu: "Vumilia, ndio msalaba wako." Naona jibu hilo lina upungufu, kiimani na kifalsafa.

Kwanza, halimwondolei lawama. Baada ya daktari Leo Kanner kueleza usonji mwaka 1943, wataalamu wengi wa Marekani walidai kuwa chanzo chake ni mama kukosa upendo kwa mtoto. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alilipinga dai hilo katika kitabu chake cha mwaka 1964, na leo sayansi imelikataa. Lakini kwetu mama bado anaulizwa alikosea nini, au nani kamroga mtoto. Anayeshtakiwa kila siku atapata wapi nguvu ya kulea?

Pili, linadhani ustahimilivu ni akiba ya mtu mmoja. Mwanafalsafa Mkatoliki Alasdair MacIntyre alionesha mwaka 1999, katika Dependent Rational Animals, kwamba kutegemeana ni sehemu ya ubinadamu wetu: sote tulilelewa, sote huugua. Hata Yesu, katika Kituo cha Tano, anasaidiwa na Simoni wa Kirene.

Napendekeza kila jumuiya ndogondogo yenye familia kama hiyo iteue watu wawili au watatu wa kukaa na mtoto kwa zamu, ili mzazi apate saa chache za kulala, kwenda sokoni au kusali. Wawe walewale, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji hutaabishwa na mabadiliko ya ghafla. Wajifunze kwa mzazi ni sauti gani humtesa mtoto na nini humtuliza. Na akipiga kelele wakati wa Misa, tusigeuke kumkodolea macho mama yake.

Wapo watakaosema jumuiya zetu zimelemewa na michango na vikao. Ni kweli. Lakini jumuiya hizohizo, msiba ukitokea, hupanga zamu za kupika na kukesha kabla jua halijazama. Uwezo tunao. Familia hii isingoje msiba ndipo ipangiwe zamu.

Viongozi wa jumuiya waanze wiki hii kwa kumuuliza mzazi: "Siku gani ni ngumu zaidi kwako?" Kisha siku hiyo mtu aende.