Tuzo Haijui Njia ya Suam

Kila mwaka ni vile vile. Simu inajaa picha: suti nyeusi, gauni ndefu, kile kipande cha kioo chenye jina la mshindi, na nyuma yao ukuta uliojaa nembo za wafadhili. Tunaandika "hongera sana", tunarudi kwa shughuli zetu. Mimi huandika hongera hizo nikiwa huku mpakani, mahali ambapo mto Suam unatenganisha Kenya na Uganda, na mara nyingi huwa ninamaanisha. Washindi wengi nawajua kwa kazi zao, na wanastahili. Ugomvi wangu si nao. Ugomvi wangu ni na hiyo hoteli.

Kwani tuzo ya taifa ni ya taifa gani?

Nina rafiki, mwanahabari wa Kitale. Ni wa wale wanaolipwa kwa habari moja moja: ikitoka unalipwa, isipotoka umefanya kazi ya Mungu. Nauli ni yake, bando ni yake, simu ya kupigia picha ni yake. Mwaka fulani mvua ilibeba daraja la miguu huku mlimani, na watoto wa upande wa pili wakakaa nyumbani mwezi mzima. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Alichukua boda kutoka Endebess kwa pesa za mfukoni, akalala kwa watu, akarudi na picha na majina ya watoto. Habari yake ilikatwa ikabaki aya nne, ukurasa wa ndani kabisa.

Miezi miwili baadaye gari likaja kutoka Nairobi, watu watatu na droni. Walimpigia yeye awaonyeshe njia. Akawaonyesha. Akawatafsiria pia, maana wale akina mama walikuwa wanaongea Kisabaot na yeye amekua nao. Filamu ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ikashinda tuzo. Usiku wa sherehe mshindi alimshukuru Mungu, mhariri wake, mke wake, na "wakazi wa Mlima Elgon". Rafiki yangu alikuwa anaangalia kwa simu yangu. Alisema tu, "Mwalimu, mimi ndiye mkazi."

Utaniambia, si angejaza fomu naye? Angejaza nini? Zile aya nne? Tuzo hupima kazi iliyokamilika, na kazi hukamilika pale penye gari, mhariri mwenye muda, na mtu wa kulipia siku tano za kukaa mahali pamoja. Asiye na hivyo anashindana akiwa amefungwa mguu, halafu tunamwambia ajitahidi zaidi mwaka ujao.

Katika vitabu mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ambayo husimamiwa na chama cha wachapishaji, imekuwepo tangu miaka ya sabini. Meja Mwangi aliipata mwaka 1974 kwa Kill Me Quick. Ni tuzo ya heshima na mimi hununua vitabu vyake nikipata pesa. Lakini ni tuzo ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na mchapishaji wetu ni mtu anayeishi kwa kitabu cha shule. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka mswada wangu wa riwaya kwa mmoja wao, jina nitaliacha. Nilijibiwa kwa upole kwamba lugha yangu ni tamu, ila kitabu hakina soko kama si cha mtaala, na je, ninaweza kuandika kitabu cha mazoezi ya gredi ya nne? Niliandika. Sijuti, kilinilipia karo ya mtoto. Ila mswada ule uko kwenye sanduku, na hakuna tuzo ya nchi hii inayojua njia ya kufika kwenye sanduku.

Haikuhitaji kuwa hivyo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilikubali miswada tangu mwanzo, si vitabu pekee. Watanzania nao wana Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ambapo mtu huja na mswada wake chini ya kwapa. Mswada unasomwa kwanza, mchapishaji anatafutwa baadaye. Sisi tumegeuza: lango kwanza, kusomwa baadaye.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo damu yangu huchemka kidogo. Tuzo zetu za vitabu zina mafungu mawili, Kiingereza na Kiswahili. Mimi ni mtu wa Kiswahili, ninakifundisha, ninakiota usiku. Lakini nimekaa kwenye matanga Bungoma nikamsikiliza omuswala kumuse, yule mzee anayesimama kuhutubia umati baada ya maziko ya mtu mzima. Anatembea huku na huku katikati ya watu, anataja koo, anataja ndoa, anakumbusha nani alitoka wapi na kwa nini watu wa upande ule hawali na watu wa upande huu, anacheka, anakemea, na saa mbili zinapita bila karatasi mkononi. Manguliechi alikuwa hivyo, na wasomi wa vyuo vikuu walimfuata na vinasa sauti. Wasomi walipata shahada. Sasa niambie, ile si fasihi? Kama si fasihi basi mimi sijui ninafundisha nini darasani.

Tena usiniambie kwamba tuzo haiwezi kusoma lugha ya mama. Mwaka 1984 Tuzo ya Noma, iliyokuwa ya bara zima la Afrika, ilimpa Gakaara wa Wanjau sehemu ya heshima yake kwa shajara ya kifungo chake wakati wa Mau Mau, kitabu alichokiandika kwa Kikikuyu. Tuzo ya bara iliweza kutafuta wasomaji wa Kikikuyu. Tuzo ya nchi inashindwa kutafuta wasomaji watatu wa Lubukusu, lugha ambayo ina redio zinazotangaza kutwa kucha?

Kwa muziki sina haja ya kusema mengi, kila mtu anayajua. Mpiga litungu anaitwa siku mgeni mkubwa anapokuja. Anapiga dakika nne, anapewa soda, na spika zinarudi kwa dijei.

Lakini kuna kitu kinachonishangaza zaidi ya hivyo vyote. Tunajua kufanya vizuri! Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu mwaka 1927. Kila mwaka mimi na wenzangu tunawafundisha watoto wimbo, shairi, ngoma. Tunaanza kwa zoni, uwanjani, chini ya mti, na waamuzi wanakuja hadi hapo. Ukifaulu unapanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo, kisha taifa. Nyimbo za lugha za mama zina mahali pake, na hakuna anayezihurumia: ukicheza kamabeka vibaya utapewa alama za ubaya wako. Mwamuzi anasimama mbele ya watoto na walimu anaeleza kwa mdomo wake kwa nini huyu amekuwa wa kwanza na yule wa tatu. Nimewahi kuambiwa mbele ya wanafunzi wangu kwamba sauti ya pili ilipotea kuanzia ubeti wa pili. Niliona aibu. Alikuwa sahihi. Mwaka uliofuata haikupotea.

Ngazi ya namna hiyo ndiyo, kwenye tamasha la drama, iliyoufikisha mchezo wa wasichana wa Butere hadi Nakuru mwezi Aprili 2025, mpaka serikali ikatuma polisi na gesi ya machozi. Mchezo wa watoto wa shule! Hakuna aliyehitaji hoteli ndipo nchi nzima isikie. Ulipanda kwa miguu yake.

Sasa mtoto huyo aliyepiga litungu hadi fainali za taifa anamaliza kidato cha nne. Ngazi inaishia hapo. Siku inayofuata yeye ni mtu wa boda pale steji ya Kitale, na litungu liko ukutani kwa babu yake. Kwa mtoto tumejenga ngazi yenye vidato vitano. Kwa mtu mzima tumejenga ghorofa na hatukuweka ngazi kabisa.

Nikisema hivi watu hunitajia Ken Walibora. Si alitoka huku? Si alishinda? Ndiyo, na ninafurahi mnamkumbuka. Ni yeye aliyemtoa kijana Tanga akamsafirisha hadi Makutano, Kapenguria, kumtafuta baba yake, katika Siku Njema, mwaka 1996, na kwa mara ya kwanza wanafunzi wa Mombasa na Machakos wakajua kwamba barabara ya Kitale inaweza kuwa ndani ya riwaya. Aliipata Tuzo ya Jomo Kenyatta zaidi ya mara moja. Alisoma habari kwenye runinga kwa Kiswahili ambacho tulikuwa tunakiiga tukinyoa ndevu. Lakini angalieni safari yenyewe. Ilibidi aende. Alifia jijini, kwa ajali ya barabarani, Aprili 2020, na mwili wake ukakaa mochari siku kadhaa kabla ya watu wake kujua. Ndipo akarudishwa Trans Nzoia kuzikwa. Msinitajie Walibora kama ushahidi kwamba njia iko wazi. Mmoja kupenya si njia.

Wengine hunitajia Marekani, eti hata wenyewe wana Pulitzer na haina mambo ya zoni. Sawa, tuiangalie. Ilianza mwaka 1917 kwa wosia wa mwenye magazeti, ikawa ya uandishi wa habari na vitabu, muziki ukaongezwa mwaka 1943. Masikio yake yalikuwa mazito: mwaka 1965 bodi ilikataa pendekezo la kumheshimu Duke Ellington, ikaja kumtaja mwaka 1999, akiwa kaburini miaka 25. Wazee wa hoteli wako kila nchi. Lakini mwaka 2017 tuzo yao ya tahariri ilienda Storm Lake, kamji ka wakulima huko Iowa, kwa gazeti la familia linalotoka mara mbili kwa wiki na kuuza nakala kama 3,000 hivi. Mhariri wake, Art Cullen, aliandika juu ya maji yaliyochafuliwa na mbolea ya mashambani, na juu ya makampuni makubwa yaliyokuwa yanalipia kesi kichinichini. Iowa ni nchi ya mahindi. Mnajua mahali pengine penye mahindi na matatizo ya mbolea? Machi 2024 mbolea feki ya ruzuku ilipofichuliwa, waliofichua walikuwa Africa Uncensored wa Nairobi, na walifanya kazi ya kiume, heshima yao. Lakini waliokuwa wameimwaga kwenye mashimo ya mahindi ni watu wa huku. Tungekuwa na gazeti la Kitale lenye tahariri ya kuogopwa, na tuzo inayolitazama, je, tungesubiri gari la Nairobi?

Najua pingamizi, ninazisikia hata kabla hamjafungua mdomo. Viwango vitashuka. Kaunti itampa shemeji wa gavana. Hiyo ya shemeji ninaikubali, maana ninawajua. Ndiyo maana kikombe kisikae kwa ofisi ya kaunti hata siku moja, na waamuzi wa Bungoma watoke Turkana, wa Kitale watoke Kakamega, kama tunavyofanya kwa watoto. Na waeleze uamuzi wao hadharani kwa mdomo, mshindwa akiwa ameketi pale. Hizo tuzo za hotelini, nani amewahi kusimama akaeleza kwa nini wa pili alikuwa wa pili? Unaona jina, unaona makofi, basi. Viwango gani hivyo ambavyo havielezwi?

Ya pesa pia naijua. Hesabu meza moja ya chakula cha jioni pale hotelini, na ukuta wa nembo, na mshereheshaji. Kwa hizo unapata kikombe, shilingi elfu hamsini kwa kila fungu, nauli ya waamuzi watatu, na ubakishe ya kuchapa mswada mmoja nakala mia mbili, ziingie shule za hapa hapa.

Kwa hivyo tumeanza, kwa udogo wetu. Likizo ya Desemba, ukumbi wa shule yetu, ada ya kuingia hakuna. Mafungu ni matatu: habari, maandishi, muziki. Habari inaweza kuwa aya nne. Mswada unaweza kuwa wa mkono. Lugha ni ile uliyonayo, na majirani wa upande wa pili wa mto wanaruhusiwa. Mwalimu mwenzangu wa muziki amekubali kuleta viti, na mwalimu mstaafu wa Kapenguria amekubali kuja kutuhukumu kwa nauli tu. Rafiki yangu wa Kitale nimemwambia alete ile habari ya daraja, yote, si ile iliyokatwa. Ameniuliza nani mwingine atakuja kushindana. Nimemwambia lete kwanza.