Risala ya Waendesha Baiskeli wa Kigoma Ujiji Kuhusu Kusafirisha Baiskeli kwa Ndege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi waendesha baiskeli wa Manispaa ya Kigoma Ujiji tuna jambo moja mbele yako: baiskeli zetu zinaharibika ndegeni, na masharti ya kuzipakia tunayajulia kaunta.

Hapa kwetu baiskeli ni kazi. Dagaa wa mwalo wa Kibirizi hupandishwa mlima hadi soko la Mwanga kwa baiskeli. Wapo pia vijana wetu wanaokwenda kushindana mikoa ya mbali. Treni tunaithamini tangu reli ilipofika hapa mwaka 1914, lakini hadi Dar es Salaam inachukua takribani siku mbili, na mshindani hushuka miguu imekufa ganzi. Ndiyo maana tunajinyima tupande ndege.

Kufunga tunajua. Wauza baiskeli hututunzia maboksi, Mungu awabariki. Pedeli tunazitoa, ya kushoto tukiizungusha kufuata mshale wa saa. Usukani tunaulaza kando ya fremu, gurudumu la mbele tunalichomoa, na katikati ya foko tunapachika kipande cha mti ili foko isibanwe. Gia ya nyuma tunaifungua na kuiviringishia kitambaa. Kisha, kwenye uwanja wa ndege, boksi lililoandikwa upande wa juu linalazwa ubavu, masanduku yanarundikwa juu yake. Mwenzetu alipofungua lake, kile kichuma kinachoshika gia kilikuwa kimepinda. Ingekuwa baiskeli ya kazi kama Phoenix, spea angeipata sokoni Mwanga jioni ileile. Ya baiskeli ya mashindano aliikosa mji mzima, na mashindano yakampita.

Kinachotuuma zaidi ni kaunta. Afisa huyu anapima kilo, yule anapima urefu, mwingine anataka tairi zitolewe upepo wote. Chumba cha mizigo cha ndege ya abiria kina mgandamizo wa hewa, hivyo kupunguza upepo kidogo kunatosha. Tairi ikiwa tupu, rimu ndiyo inayopigwa. Kwenda unatozwa kwa kilo, kurudi unatozwa kwa boksi, na shirika ni lilelile.

Tunadai masharti ya baiskeli yaandikwe kwa Kiswahili, yakitaja uzito, vipimo vya boksi na gharama, na abiria aelezwe anapokata tiketi. Yawe yaleyale kwenda na kurudi. Ndege ya mapangaboi ikijaa na boksi likaachwa, mwenyewe aambiwe kabla hajapanda, siyo ajue akiwa Dar anasubiri mzigo usiokuja. Ukaguzi ukihitaji boksi lifunguliwe, lifunguliwe mbele yake, maana aliyelifunga ndiye ajuaye kulifunga tena. Na fomu ya madai ya uharibifu ipatikane hapa hapa uwanjani, ijazwe kabla mtu hajatoka nje. Ukishatoka, unaambiwa umevunja mwenyewe njiani.

Tunaomba majibu kwa maandishi.