Kinywa cha mgonjwa wa Masisi kisiwe daftari la mazoezi

Kung'oa gego la taya la chini huanza na sindano. Ncha yake inatakiwa ifike karibu na mshipa wa fahamu unaoingia kwenye mfupa huko nyuma ya taya, mahali ambapo jicho halioni. Anayechoma hupapasa mfupa kwa kidole, hukadiria pembe, kisha kabla ya kusukuma dawa huvuta bomba nyuma kidogo ili ahakikishe hajaingia kwenye mshipa wa damu. Akikosea, ganzi haishiki, na mgonjwa hung'olewa jino huku akisikia kila kitu.

Mahali kwingine mwanafunzi hakosei kwa mtu. Mwaka 1894 daktari wa meno wa Glasgow, Oswald Fergus, alieleza kichwa bandia chenye taya mbili, ili wanafunzi wajifunze kuinama, kushika vifaa na kutoboa meno kabla ya kukutana na mgonjwa. Vichwa vya leo vina mashavu ya mpira na meno ya plastiki yanayofungwa kwa skrubu. Likiharibika, linawekwa jingine. Ni wazo la zaidi ya miaka 130, na bado linaonekana kama anasa linapotajwa Kivu Kaskazini.

Katika vituo vya afya vya vijijini vya Masisi na Walikale, kazi ya meno mara nyingi humwangukia muuguzi aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake. Kitivo cha udaktari wa meno cha Chuo Kikuu cha Kinshasa kiko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Vita navyo vimefunga hata njia fupi: M23 iliteka Masisi-kati na Goma Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na Machi wapiganaji wakaingia Walikale-kati kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Kumwambia muuguzi wa huko asafiri kwenda kusoma ni kumdhihaki. Mafunzo ndiyo yanayopaswa kumfuata.

Yakimfuata, yasiwe semina ya siku moja yenye picha ya pamoja mwishoni. Tanzania imeshatoa somo hili kupitia mtoto bandia anayetumika kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom mafunzo ya siku moja yaliwafanya watumishi wawe hodari mbele ya mwanasesere, huku chumba cha kujifungulia kikibaki vilevile. Mabadiliko yalikuja walipoanza kufanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, palepale kazini.

Kwa meno inawezekana hivyo hivyo, na si lazima kusubiri mashine ya maelfu ya dola. Meno yaliyong'olewa, yakisafishwa na kuchemshwa kwa mvuke kama vifaa vya upasuaji, yanaweza kupandwa kwenye plasta ileile inayofunga mifupa iliyovunjika. Hapo muuguzi anajifunza kukwangua uozo na kuziba kwa vifaa vya mkono, bila umeme, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Taya la mbuzi kutoka machinjioni linatosha kujifunza kupasua fizi na kushona. (Masisi kichwa cha mbuzi hakitupwi, kwa hiyo bajeti iwe na pesa ya kukinunua.)

Plasta haitoi damu wala haishtuki. Haimfundishi mtu kumtuliza mama mwenye usaha shavuni ambaye hajalala siku tatu. Ndiyo maana baada ya mazoezi muuguzi anahitaji mtu mwenye ujuzi asimame kando yake kwa wagonjwa wa kwanza. Kuna pia jambo ambalo koleo haligusi: noma, ugonjwa unaoanza kama kidonda cha fizi kwa mtoto mwenye utapiamlo na kula uso wake kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa Desemba 2023. Mahali penye kambi na njaa, sanamu za fizi zinazoonyesha hatua zake za mwanzo zina thamani kuliko kichwa chochote cha kisasa, kwa sababu mwanzoni dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula bora huokoa mtoto.

Mashirika yanayoisaidia sekta ya afya katika wilaya hizi mbili tayari hupeleka dawa na vifaa. Sanduku moja la mazoezi kwa kila hospitali kuu, pamoja na saa moja kila wiki iliyoandikwa kwenye ratiba ya wauguzi, lingeingia kwenye gari lilelile. Wauguzi waanze na sindano ya taya la chini.