MASOMO NA KAZI: MHANDISI NI MTU GANI?

Vijana wengi wa shule wakiulizwa watafanya kazi gani baadaye, hujibu upesi: "Uinjinia." Lakini wakiulizwa injinia hufanya nini, humtaja mtu aliyelala chini ya motokaa, spana mkononi na nguo zimejaa mafuta. Huyo ni fundi, naye astahili heshima yake, maana pasipo fundi hakuna kinachosimama. Kazi ya injinia, yaani mhandisi, huanza mapema zaidi, kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Yeye hupima, huhesabu na kuchora, ili ijulikane kwamba kitu kitakachojengwa kitauweza mzigo wake.

Hasara ya kupuuza hesabu hiyo ilionekana nchini Kanada, karibu na mji wa Quebec, lilipokuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mto St. Lawrence. Katika michoro, urefu wa sehemu ya katikati uliongezwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800. Daraja likawa zito zaidi, lakini uzito huo haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Mwezi wa Agosti 1907 ilionekana kwamba baadhi ya vyuma vya upande wa chini vimepinda. Wakubwa wakabishana na kuandikiana barua, na kazi ikaendelea. Tarehe 29 ya mwezi huo daraja lilianguka mtoni, na watu 75 waliokuwa kazini wakafa. Wengi wao hawakuwa na sehemu yoyote katika hesabu ile.

Uhandisi una matawi mengi. Mhandisi wa ujenzi hushughulika na barabara, madaraja na maji. Wa mitambo hushughulika na mashine. Wa umeme na nguvu za umeme na nyaya zake. Lakini shina la matawi yote ni hisabati na fizikia, na mwanafunzi ayakimbiaye masomo hayo ameukimbia uhandisi wenyewe.

Hapa Kenya, chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi mwaka 1956 ndicho kilichokua hata kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Masomo ya shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi kwanza chini ya wenye ujuzi, ndipo aweze kuandikishwa na Bodi ya Wahandisi kuwa mhandisi kamili.

Njia ni ndefu, lakini mwanafunzi aweza kuianza leo hii darasani. Jibu lake la hesabu lisipopatana, asinakili la mwenzake. Na arudie hatua kwa hatua mpaka aone alipokosea. Kosa la daftarini hufutwa kwa raba, bali la darajani halifutiki. Wazee walinena kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.