Chama cha walimu si mgomo tu, waulizeni wa Garissa

Ukitaja chama cha walimu mbele ya Mkenya yeyote, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mgomo. Wala si ajabu. Wengi wetu tunakumbuka Oktoba 1997, wakati marehemu Ambrose Adeya Adongo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa KNUT, alipoifanya serikali ya Rais Moi ikubali nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 150 na 200, uchaguzi mkuu ukiwa tayari unabisha hodi. Ahadi ni deni, lakini mwaka uliofuata serikali ikaikana ahadi yake na mgomo mwingine ukazuka. Basi hivyo ndivyo tulivyokizoea chama: walimu barabarani, majani ya miti mikononi, nyimbo midomoni, na watoto wetu wakicheza kandanda saa nne asubuhi.

Leo naomba tuivuke daraja la Mto Tana, tuingie Garissa. Kutoka Nairobi ni kilomita 370 hivi, kupitia Thika na Mwingi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Huku joto huanza kabla ya kengele ya kwanza, maji huuzwa kwa mkokoteni wa punda, na mwalimu aliyetoka Kisii au Machakos hujifunza upesi kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Nataka tuitazame afisi ya tawi la chama katika eneo kama hili, maana huku mgomo ndio sehemu ndogo kabisa ya kazi yake.

Afisi ya tawi si jumba la fahari. Aghalabu ni chumba kimoja au viwili, kabati la mafaili, meza, na benchi ambalo halikosi mtu. Anayekaa kwenye benchi hilo mara nyingi ana barua mkononi. Barua hiyo ni ile inayoogopwa na kila mwalimu nchini, ya kusimamishwa kazi kwa muda huku Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ikichunguza kesi yake. Tangu siku hiyo ana siku 21 za kuandika utetezi. Katika makosa mengi hupewa nusu ya mshahara wa msingi, na katika mengine hapewi kitu. Sasa mfikirie mwalimu wa Hulugho au Ijara, ambako mvua ikinyesha magari hukwama siku kadhaa njiani. Barua ikichelewa juma zima, naye akachelewa juma la pili kutafuta gari, siku zake zinayoyoma kabla hajaandika hata neno moja.

"Mwalimu, keti kwanza," katibu wa tawi atamwambia. "Barua ina tarehe gani? Wewe uliipokea lini? Bahasha unayo?"

Bahasha! Mwalimu wa watu amekuja akitetemeka, anataka kueleza alivyoonewa, naye katibu anauliza bahasha. Lakini katibu aliyekomaa anajua kwamba muhuri wa posta huweza kumwokoa mtu kuliko maneno elfu. Watakaa pamoja waandike utetezi, na siku ya kesi mwakilishi wa chama atakuwa naye mbele ya maafisa wa tume. Hilo ndilo analolipia mwalimu kwa makato ya kila mwezi, ingawa wengi hawalijui mpaka siku yawafikie.

Kisha kuna siku za msiba. Kaskazini Mashariki imekuwa na siku kama hizo kupita kiasi.

Alfajiri ya Jumamosi, Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na magaidi wa Al-Shabaab. Shule zilikuwa zimefungwa na watu walikuwa wakienda kwao kwa likizo ya Krismasi. Abiria walitenganishwa kwa dini, na 28 wasio Waislamu wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu. Miezi michache baadaye, Alhamisi ya Aprili 2, 2015, wauaji waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, wanafunzi 142 miongoni mwao. Ikumbukwe kwamba hadi mwaka wa 2011 uwanja ule ule ulikuwa chuo cha ualimu. Kisha ikaja Kamuthe, humu humu Kaunti ya Garissa, usiku wa kuamkia Januari 13, 2020, ambako walimu watatu wa shule ya msingi waliuawa.

Mwalimu akifa hivyo, nani anashughulika? Serikali itatoa rambirambi na wanasiasa watahutubia matangani. Lakini maiti ni ya kusafirishwa, jeneza ni la kununuliwa, na mjane yuko Kitui au Vihiga akisubiri simu. Hapo ndipo mfuko wa mazishi na faraja wa chama unapoonyesha faida yake. Pesa zake si nyingi, lakini hutoka mapema, kabla mafaili ya mwajiri hayajaanza kusogea kutoka meza moja hadi nyingine.

Baada ya mazishi inabaki kazi ya karatasi, na hii ndiyo ningependa familia za walimu ziisikie vizuri. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akifa kutokana na ajali ya kazini, wategemezi wake hulipwa fidia ya mishahara ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane. Lakini ni lini mtu huhesabiwa kuwa yuko kazini? Kwa safari ya kwenda au kutoka kazini, sheria hiyo inataja gari linalotolewa na mwajiri, linalomchukua mfanyakazi bila malipo. Mwalimu aliyejilipia nauli katika basi la abiria kwenda kwao likizo yuko wapi hapo? Mimi naona mtu aliyetumwa na mwajiri wake kufanya kazi takriban kilomita 1,000 kutoka kwao, penye barabara moja tu ya kurudia, hakuwa safarini kwa anasa. Ndiyo hoja ambayo tawi linapaswa kuikariri kila mahali, likiwa na wakili ikiwezekana.

Baada ya shambulio la basi la Mandera, KNUT, wakati huo Katibu Mkuu akiwa Wilson Sossion, iliwaambia walimu wasio wenyeji wasirudi hadi usalama uhakikishwe. Shule zilipofunguliwa Januari 2015, mamia yao walipiga kambi katika makao makuu ya TSC jijini Nairobi wakidai uhamisho. Tume iliwataka warudi kazini, na ikatoa onyo kwamba wasiorudi wataondolewa katika orodha ya mishahara. Walimu wakalala sakafuni. Wapo Wakenya waliowaita waoga. Mimi siwezi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamruhusu mfanyakazi kutoa taarifa ya hatari kubwa inayomkabili, na inamkataza mwajiri kumlazimisha kurudi mahali hapo kabla ya kuirekebisha. Kama sheria hiyo inamlinda mtu wa kiwandani dhidi ya mashine mbovu, sioni kwa nini isimlinde mwalimu dhidi ya bunduki.

Hata hivyo kuna upande wa pili, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na viongozi wa vyama vyetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alipoondoka, mwenyeji alibaki na nini? Baada ya Kamuthe, TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera. Kulikuwa na shule zilizofungwa kabisa. Kwingine alibaki mwalimu mmoja na darasa la kwanza hadi la nane, akikimbia kutoka mlango huu hadi ule kama mhudumu wa hoteli siku ya soko. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa na haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mtoto wa Fafi hakuandika Katiba, lakini ndiye aliyelipia mgongano wa vifungu hivyo viwili.

Na yule mwalimu mwenyeji aliyebaki, je, si mwanachama? Analipa makato yale yale. Kila mwezi jina lake limo katika orodha. Mbona kelele zote za Nairobi zilihusu wanaoondoka tu? Sisemi walioondoka hawakustahili kutetewa, la hasha. Nasema tawi lina mikono miwili. Mkono mmoja ukimshika mwalimu wa Kakamega anayeomba uhamisho, wa pili ungepaswa kumshika mwalimu wa Garissa aliyeachiwa watoto wa watu watano, ili alipwe kwa kazi ya ziada, apandishwe cheo anapostahili, na asije akaandikiwa barua ya kusimamishwa kwa sababu matokeo ya mtihani yameanguka.

Asidhani mtu kwamba mwenyeji yuko salama kwa kuwa ni mwenyeji. Desemba 21, 2015, basi jingine lilivamiwa Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, na baadhi ya kina mama wakawavisha wenzao mitandio ili wasitambulike. Salah Farah, mwalimu mwenyeji wa Mandera, alikuwa ndani ya basi hilo na akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016. Kisa cha basi hilo kilitengenezewa filamu, Watu Wote, iliyotoka mwaka wa 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mimi kila ninaposikia watu wakigawa walimu wa huko kuwa wa kuja na wa kwao, huwaza kwamba yeye alikuwa na kila sababu ya kukubali mgawanyo huo siku ile.

Fauka ya hayo, tawi lenyewe lilikuwa limefilisika wakati lilipohitajika zaidi. Katikati ya mwaka wa 2019, mzozo wa KNUT na TSC ulifika mahakamani na baada ya uamuzi wa Julai, wanachama wa KNUT wakajikuta wakikosa nyongeza za mkataba wa 2017 hadi 2021 ambazo wenzao walikuwa wakipata. Wakajiondoa kwa maelfu, wengine wakahamia KUPPET, chama cha walimu wa sekondari kilichosajiliwa 1998. Makato yakakauka. Kote nchini matawi yalishindwa kulipa kodi na mishahara ya makarani. Kamuthe ilitokea miezi sita baadaye. Wakubwa wanapozozana Nairobi, anayekosa wa kumwandikia barua ni mwalimu wa mpakani.

Kuna kundi jingine ambalo hata benchi la tawi halilijui. Walimu wa TSC walipopungua, wazazi na kamati za shule waliwatafuta vijana waliomaliza kidato cha nne, wakawapa chaki. Kijana huyo hulipwa kidogo, na kama karo haikupatikana mwezi huo hulipwa shukrani. Si mwajiriwa wa TSC, kwa hivyo hana mshahara wa kukatwa, na asiye na makato si mwanachama. Akiugua, akifukuzwa na mwenyekiti wa kamati kwa sababu ya ugomvi wa ukoo, au akipatwa na yaliyowapata wa Kamuthe, hakuna faili lenye jina lake. Ningekuwa na kura katika mkutano mkuu wa tawi, ningeomba vijana hawa waandikishwe hata kwa ada ya shilingi chache, washauriwe bure, na wasaidiwe kupata nafasi katika vyuo vya ualimu. Kama nia ni kwamba kesho shule za Garissa zisitegemee walimu wa kutoka mbali, hao ndio walimu wa kesho.

Kwa sasa, mwalimu unayesoma ukurasa huu, uwe Dadaab au Masalani, fanya mambo mawili kabla ya muhula kuisha. Soma hati yako ya mshahara, uone makato ya chama yanakwenda chama kipi, maana wapo waliogundua siku ya msiba kwamba walihamishwa bila kujua. Kisha uliza afisini ni nani uliyemwandika kuwa mrithi wako katika mfuko wa mazishi. Wengi waliandika jina la mama wakiwa makapera, wakaoa, wakapata watoto watatu, na fomu haijaguswa. Mke naye amuulize mumewe leo hii, baada ya chakula, bila kugombana.

Jumapili ijayo nitawageukia wauguzi wa hospitali za kaunti, ambao nao wana yao ya kusema kuhusu makato.