Konokono wa Paisley na mtihani wa nusu saa

Mawakili wote wa kampuni fulani huvaa tai. Baadhi ya watu wanaovaa tai ni wavivu. Je, ni lazima kampuni hiyo iwe na mawakili wavivu? Wengi hucheka na kujibu ndiyo, tena kwa kutaja majina. Jibu sahihi ni hapana. Huenda wavivu wote wenye tai ni madalali wa viwanja, na sentensi zote mbili zikabaki kweli tupu.

Swali la namna hiyo lingefaa kubishaniwa kijiweni jioni, lakini huko London ndilo linaloamua nani ataitwa kwenye usaili wa kampuni kubwa ya mawakili na nani ataletewa barua pepe ya masikitiko. Mtihani unaohusika unaitwa Watson-Glaser. Clifford Chance, Linklaters na Hogan Lovells ni miongoni mwa kampuni zilizoutumia kuchuja waombaji wa nafasi za mafunzo ya uwakili, mafunzo ambayo kwa kawaida huchukua miaka 2. Una maswali 40 na muda wake ni kama dakika 30. Ukigawanya, kila swali linapata sekunde 45, na humo humo mtu asome habari, aielewe na achague jibu. Foleni ni ndefu kwa sababu inayoeleweka: tangu mwaka 2024 kampuni kadhaa kubwa za jiji hilo humlipa wakili aliyehitimu karibuni pauni 150,000 kwa mwaka. Katika foleni hiyo wamo pia vijana kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, baadhi yao wakiwa wamesoma shahada ya sheria ya University of London bila kuondoka nyumbani.

Kuna imani mbili juu ya mtihani huu na zote zinawapotosha waombaji. Ya kwanza inasema huu ni mtihani wa akili ya kuzaliwa: unayo au huna, kwa hiyo kujiandaa ni kujisumbua. Ya pili inasema ni suala la mazoezi tu: nunua maswali 1,000, yafanye yote, utapita.

Imani ya kwanza ilishajibiwa na mmoja wa waliouanzisha mtihani wenyewe. Goodwin Watson alikuwa mwanasaikolojia wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1925 alichapisha utafiti kuhusu namna ya kupima kama mtu anaweza kuamua jambo bila chuki wala upendeleo, hasa katika mambo ya dini na uchumi, ambako watu hupandwa na jazba haraka. Edward Glaser alifuata mwaka 1941 na jaribio la darasani: wanafunzi wa sekondari wakapewa masomo maalumu ya fikra tunduizi, kisha wakalinganishwa na wenzao ambao hawakuyapata. Waliofundishwa walipiga hatua kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, mtu ambaye jina lake limo kwenye mtihani ndiye aliyeonyesha kwamba unachopima kinafundishika.

Imani ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo, na njia nzuri ya kuieleza ni kuuangalia mtihani kwa karibu.

Chukua habari hii ya kubuni. Halmashauri moja ilipandisha ushuru wa soko kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa siku kwa kila meza. Soko lilikuwa na wafanyabiashara 200. Ndani ya miezi mitatu, 60 kati yao walikuwa wameondoka, na wengi wa walioondoka walionekana wakiuza bidhaa kando ya barabara kuu. Mtahiniwa anapewa kauli na anatakiwa kuchagua jibu moja kati ya matano: kweli, pengine kweli, taarifa hazitoshi, pengine si kweli, si kweli.

Kauli ya kwanza: wafanyabiashara hao waliondoka kwa sababu ya ushuru. Mkono unakimbilia "kweli". Nani asiyejua ushuru unavyofukuza watu sokoni? Lakini habari haikutaja sababu. Ilitaja mfuatano wa matukio tu. Jibu ni "pengine kweli". Kauli ya pili: wanaouza barabarani sasa wanapata faida kubwa kuliko walipokuwa sokoni. Hapo hakuna hata chembe ya kushika, kwa hiyo taarifa hazitoshi. Kauli ya tatu ndiyo yenye mtego: makusanyo ya halmashauri kwa siku yalishuka. Picha ya meza tupu inamsukuma msomaji akubali. Akipiga hesabu, meza 200 kwa shilingi 500 zilileta 100,000, na meza 140 kwa shilingi 1,000 zinaleta 140,000. Habari haikusema kama wote wanalipa, kwa hiyo huwezi kukata moja kwa moja. Jibu ni "pengine si kweli".

Anayekosa maswali hayo matatu si mjinga. Mara nyingi ni mtu anayelijua soko vizuri. Alichokosa ni kuuacha ujuzi wake mlangoni, na hilo ni gumu kwa mtu aliyesoma miaka kumi na sita akisifiwa kwa kujua mambo mengi.

Ugumu unaongezeka kwa sababu masharti hubadilika kutoka sehemu moja ya mtihani hadi nyingine, na sehemu ziko tano. Katika sehemu ya kwanza, ile ya soko, mtahiniwa anaruhusiwa kutumia kidogo yale ambayo takriban kila mtu mzima anayajua. Ndiyo maana neno "pengine" likawepo. Akifika kwenye sehemu ya mantiki, ile ya tai na wavivu, ruhusa hiyo imefutwa: hitimisho linatoka kwenye sentensi zilizotolewa kwa ulazima, au halitoki. Hata neno "baadhi" hapo lina sheria yake, kwani linamaanisha angalau mmoja, na halizuii kuwa wote. Ikifuata sehemu ya tafsiri, kamba inalegezwa tena, na kipimo kinakuwa kile ambacho mwanasheria yeyote wa jinai anakifahamu: bila kuacha shaka ya maana.

Sehemu ya dhana zilizojificha huwa nyepesi kwa wengi. Mzazi akisema, "Tumpeleke mtoto bweni ili apate muda wa kusoma," amechukulia kwamba bweni litampa muda huo. Hakuchukulia kwamba bweni ni bora kuliko shule za kutwa kwa kila kitu.

Sehemu ya hoja ndiyo inayowaumbua wanasiasa wa mezani. Je, bodaboda zipigwe marufuku katikati ya mji? "Ndiyo, kwa sababu madereva wake hawana adabu" ni hoja dhaifu, hata kwa mtu aliyetukanwa nao asubuhi ile ile. "Hapana, kwa sababu wagonjwa wengi hawana usafiri mwingine wa kuwafikisha hospitali ya mjini usiku" ni hoja yenye nguvu, hata kwa anayetamani pikipiki zote zitoweke, kwa kuwa mtihani unamtaka aichukulie kila hoja kuwa ya kweli na apime mambo mawili tu: je, inagusa swali lenyewe, na je, ina uzito?

Mtu asiyezijua tofauti hizi anaweza kufanya maswali 1,000 na akarudia kosa lile lile mara 1,000, kwa kasi inayozidi kuongezeka. Hilo ndilo tatizo la biashara ya mazoezi ya kulipia iliyojaa intaneti. Nyingi zinauza wingi. Nyingine zina majibu yenye utata, na mwanafunzi anaishia kujifunza makosa ya mtungaji.

Dawa iliyo bora wanafunzi wa sheria wanayo tayari, wala hawajui kwamba ni dawa. Karibu kila aliyesoma sheria kwenye nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza anaijua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, mwanamke alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi, akanywa, kisha chupa ilipomiminwa tena, ikasemekana akatoka konokono aliyeoza. Mwaka 1932 Baraza la Malordi, mahakama ya rufaa ya juu kabisa wakati huo, likaamua kwamba mtengenezaji wa kinywaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, na sheria ya uzembe ikapata msingi unaosimama hadi leo. Waulize wanafunzi kumi wa mwaka wa pili: je, konokono alikuwemo ndani ya chupa? Kumi watasema ndiyo.

Taarifa hazitoshi. Konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Malordi waliulizwa swali la kisheria tu: tukichukulia kwamba madai haya ni kweli, je, sheria inampa mlalamikaji haki ya kudai? Walijibu ndiyo kwa wingi wa sauti tatu dhidi ya mbili. Baada ya hapo shauri likamalizwa nje ya mahakama, na ushahidi wa chupa haukusikilizwa kamwe. Kesi mashuhuri kuliko zote katika somo la sheria ya madhara (tort) imesimama juu ya sharti lile lile linaloandikwa juu ya karatasi ya Watson-Glaser: chukulia yaliyoelezwa hapa kuwa kweli, kisha uone yanakufikisha wapi.

Kwa hiyo anayejiandaa afanye nini? Aanze na maswali ya mfano ya Pearson, wachapishaji wa mtihani wenyewe, kwa sababu hayo hayapingani na mtihani halisi. Afanye machache bila kuangalia saa, na kwa kila jibu aandike sababu kwa sentensi moja kabla ya kufungua ufafanuzi. Kazi hiyo inachosha, na hapo ndipo faida ilipo: akikosea, ataona kama alikosea kusoma, kukokotoa, au alijibu kwa yale anayoyajua badala ya yale aliyoyasoma. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo ndipo saa iwekwe mezani. Kwa aliyelelewa kwa Kiswahili na Kiingereza kikaja shuleni, kasi ya kusoma ni mzigo wa ziada. Hakuna ujanja wa kuukwepa zaidi ya kusoma Kiingereza kigumu kila siku, hukumu zikiwemo, miezi kadhaa kabla ya kuomba, si wiki ile ya mwisho.

Mtihani huu nao usiabudiwe. Alama ya mtahiniwa hulinganishwa na kundi la watu waliokwisha kuufanya, na kila kampuni hujiwekea mstari wake wa kukata. Uingereza yenyewe iliwahi kuufanya mtihani wa aina hii kuwa lazima kwa kila anayetaka kusomea uwakili wa mahakamani, kuanzia 2013, kisha 2022 ikauondoa. Marekani nako LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, ulifuta sehemu yake ya michezo ya mantiki Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya mwaka 2019 na waombaji wasioona, ambao hawakuweza kuchora michoro iliyokuwa ikitegemewa kuyatatua maswali hayo.

Kisa kingine kinahusu mtihani wa namna tofauti, ule wa kupima uamuzi wa mtu akikutana na matukio ya kazini. Mwombaji mmoja wa nafasi katika huduma ya sheria ya serikali ya Uingereza, mwenye hali ya Asperger, aliomba aruhusiwe kujibu kwa maelezo mafupi badala ya kuchagua herufi. Akakataliwa. Alipata 12 kati ya 22, na kiwango cha kupita kilikuwa 14. Baraza la ajira likaona kwamba amebaguliwa, na mwaka 2017 baraza la rufaa likakubaliana nalo. Fidia ilikuwa pauni 860, fedha kidogo, lakini tangu hapo ni vigumu kwa mwajiri wa huko kudai kwamba mtihani wa kuchagua majibu haumgusi mtu yeyote kwa namna ya pekee. Mwombaji mwenye tatizo la kusoma au ulemavu mwingine ana haki ya kuomba marekebisho, muda wa ziada ukiwa mojawapo, na haki hiyo haijali ametoka Leeds au Lindi.

Habari hii ingeweza kuishia London, lakini Tanzania ina kumbukumbu yake. Oktoba 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, waliofaulu mitihani yote walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na lawama zikatupwa kila upande: vyuo vikuu, taasisi yenyewe, lugha, wanafunzi. Mitihani ile haikuwa Watson-Glaser, wala si busara kudai kwamba dawa moja ingetibu yote. Ila mhadhiri anayewaachia wanafunzi wakariri kwamba konokono alikuwemo kwenye chupa anawaandaa vibaya kwa mitihani yote miwili, na kwa kazi inayofuata, ambako mteja atawaletea jalada lenye nusu ya ukweli.

Vitivo vya sheria haviwezi kusubiri kampuni za kigeni ziwafundishe vijana wetu kusoma. Saa moja kwa wiki katika mwaka wa kwanza ingetosha kuanzia: hukumu moja, kurasa chache, na maswali matatu yanayorudiwa kila mara. Mahakama ilithibitishiwa nini? Ilichukulia nini bila kusema? Hitimisho lipi halikutoka kwenye ushahidi? Hukumu za kutumia zipo tele kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law, na kuzisoma ni bure kwa yeyote mwenye simu na bando.